Wakati Aliouomba Gédéon

Siku ya soko Kasongo, mtu hawezi kusimama mahali pamoja. Ukisimama, baiskeli yenye magunia ya mihogo itakusukuma kiunoni, na ukiikwepa hiyo, motari, dereva wa pikipiki, atakupigia honi mpaka masikio yaume. Consolée alisimama hivyo hivyo. Alikuwa mlangoni mwa depo ya vifaa vya ujenzi, amevaa kikwembe cha kijani chenye maua makubwa ya manjano, kitambaa kimefungwa kichwani kwa haraka ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Mbele yake mabashi ya plastiki, yale maturubai mazito ya buluu, yalikuwa yanapakiwa kwenye mkokoteni.

"Hata moja haiko?" alimuuliza muuzaji.

"Hata moja, mama. Yote iko ya yule kaka."

Yule kaka alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, buti zake zimejaa udongo mwekundu, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Alikuwa anahesabu mizigo kwa midomo bila kutoa sauti.

"Kaka, unisamehe," Consolée alisema. "Mabashi yote ile unaipeleka wapi?"

"Wamaza, dada. Ni ya kufunika simenti. Mvula iko karibu."

"Wamaza?" Consolée alicheka kidogo, cheko la uchovu. "Mie natoka Wamaza. Mie ni mukunga pale. Paa ya materinite yetu imetoboka, wamama wanazaa chini ya maji. Nimekuja kutafuta bashi moja tu."

Yule kijana, Gédéon, aliacha kuhesabu. "Dada, kila bashi iko na kazi yake. Nikitoa moja, simenti itaingia maji. Simenti ikiingia maji inakuwa jiwe."

"Na mutoto akiingia maji, anakuwa nini?"

Muuzaji aliangua kicheko. Gédéon hakucheka. Alimtazama yule dada kwa muda, kisha akapanda kwenye mkokoteni, akavuta bashi la juu kabisa na kumpa kwa mikono miwili.

"Nitapanga magunia kwa namna ingine," alisema. "Dada, materinite yenye tunaenda kujenga, ni yenu."

Consolée alishika bashi kifuani. "Kumbe ni weye? Mwaka muzima tunaambiwa Injenia anakuja, Injenia anakuja. Nilizani ni muzee mwenye tumbo."

"Tumbo itakuja, dada. Kila kitu na wakati wake."

Safari hii Consolée alicheka kweli, na Gédéon akaisikia sauti ile njia nzima mpaka Wamaza.

*

Kazi ya Gédéon ilikuwa kupanga. Shirika moja lenye ofisi yake Kasongo lilikuwa limempa ujenzi wa wodi mpya ya uzazi, na kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, yeye alikuwa ameshaijenga nyumba yote akilini: msingi utakula simenti kiasi gani, ukuta utaomba waashi wangapi, mkanda wa beto, yaani zege, juu ya madirisha utakaa na unyevu kwa muda gani kabla ya kubebeshwa paa. Alikuwa na imani kwamba kazi yoyote ina vipimo viwili, mikono na siku. Ukiongeza mikono, siku zinapungua; ukipunguza mikono, siku zinaongezeka. Isipokuwa zile kazi zisizojali mikono, kama beto kukauka. Hizo zinataka subira tu.

Mchanga ulitoka kijitoni, bondeni, na waliokubali kuubeba ni wanawake wa Wamaza wenyewe. Kila asubuhi walipanda kilima kwa mstari, mabeseni kichwani, wakiimba kwa Kibangubangu, mbele yao mama Sidonie, mjane mwenye sauti nzito aliyekuwa kiongozi wao. Gédéon alikuwa amekadiria mabeseni wanayoweza kupandisha kwa asubuhi moja, na kwa makadirio hayo akapanga paa lifungwe kabla mvua kubwa haijaanza.

Jioni jua likiwa bado juu, Consolée alikuwa akitoka kwenye nyumba ile ya zamani yenye bashi la buluu juu yake, ananawa mikono, anakuja kukaa kwenye rundo la matofali.

"Injenia, kila siku unatazama ile nyumba kama iko bibi yako."

"Wivu?"

"Wivu ya ukuta? Hapana, asante."

"Basi kesho nitakutazama weye, ukuta ipumuzike."

Gédéon aliitwa aende Kasongo mara kwa mara kufuata vifaa, na huko ndiko mapenzi yao yalikokomaa, kwa simu. Rezo ya simu Wamaza ilishika mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya kanisa. Consolée alikuwa akipanda huko saa za jioni, anahema, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Alo, chérie? Mbona unapumua hivyo?"

"Nimepanda mulima juu yako, papa. Sema haraka kitu yenye kufaa."

"Ninakupenda."

Upepo ukavuma ndani ya simu.

"Chérie? Umekatika?"

"Siyakatika. Rudilia. Rezo ilikuwa mubaya."

Rezo ilikuwa nzuri kabisa, na wote wawili walijua.

*

Asubuhi moja Consolée alimfuata Gédéon kijitoni kabla wanawake hawajafika. Uso wake haukuwa wa utani.

"Gédéon, wamama wenye mimba wasibebe tena muchanga."

"Mama Sidonie alisema ni wao wenyewe walijitolea."

"Walijitolea, kweli. Hapa hakuna mwanamuke atasema nimechoka mbele ya wenzake, hasa kwa nyumba ya kuzalia watoto wake mwenyewe. Lakini mie nawaona ndani. Wawili wamekwisha kutokwa na damu wiki hii. Mumoja mimba ilitoka."

Gédéon alitazama njia ya kilima, mwinuko wake, mawe yake. Alikuwa ameipima njia ile kwa hatua na kwa dakika. Hakuwa ameipima kwa tumbo la mtu.

"Sawa," alisema polepole. "Nimesikia."

Consolée alimgusa shavu kwa kiganja kilichonuka sabuni ya dawa, akarudi kazini. Hawakulizungumza tena.

Siku hiyo hiyo Gédéon aliwakusanya wanawake, akawaomba wote wenye mimba waweke mabeseni chini. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Mstari wa kilimani ukawa mfupi, na baada ya hapo mpunga ukaiva, na waliobaki wakaanza kugawa asubuhi zao kati ya shamba na kijito. Wanaume wenye nguvu walikuwa wameenda machimboni. Gédéon alikaa na mipango yake, akaigeuza kila upande. Hakuwa na mikono. Kilichobaki ni siku.

Alipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Kasongo akamwambia mkuu wake, Antoine, kwamba wodi haitamalizika kabla ya mvua.

"Nani amekuomba uchelewe?" Antoine aliuliza.

"Hakuna mutu. Ni mie naomba wakati."

Antoine alikuna ndevu. "Nitakupa. Lakini ujue, wakati haukai bure. Kuna mahali huo wakati utakula."

*

Wakati ulikula mapema kuliko walivyotazamia. Mvua ilianza kwa nguvu, njia ya Kasongo ikageuka tope, na adhuhuri moja Naomie, mke wa mkulima aliyeitwa Heri, aliletwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia kwa sauti kali. Damu ndiyo haikukubali kusimama.

Consolée alifanya yote aliyofundishwa. Alichoma sindano, alikandamiza, alipiga magoti sakafuni ambako maji ya paa yalikuwa yanachuruzika na kuchanganyika na damu. Bashi la buluu lilikuwa limepasuka kwa upepo. Moto iliyotumwa kutafuta msaada ilikwama kwenye tope mwendo mfupi tu nje ya kijiji. Naomie aliuliza mara moja, "Mutoto anafanana na nani?" na Consolée akamjibu, "Na weye, mama. Mdomo ni yako kabisa." Hakuuliza kitu kingine tena.

Heri alikuwa amesimama nje, chini ya upenu, kofia mkononi. Alipomwona mkunga ametoka, aliitazama mikono yake iliyolowa damu, akaelewa.

Makaburini watu walisema mengi, kama watu wanavyosema. Kuta za wodi mpya zilionekana kutoka pale, zimesimama bila paa, mvua inaziosha. Mzee mmoja alinung'unika: "Ile nyumba ingekuwa imefunikwa sasa. Injenia mwenyewe alienda Kasongo kuomba wamuongezee wakati." Mwanamke mmoja akajibu kwa sauti ya chini, akidhani Consolée hasikii: "Mutu mwenye muchumba hapa, atakuwa na haraka ya wapi?"

Consolée hakungoja maombi yaishe. Alimkuta Gédéon ndani ya wodi, anasukuma maji kwa ufagio.

"Ni kweli uliomba wakati?"

Ufagio ulisimama. "Ni kweli."

"Weye mwenyewe? Hawakukulazimisha?"

"Mie mwenyewe."

"Juu ya nini, Gédéon?"

Alifungua mdomo. Aliona macho yake yaliyovimba, aliona kikwembe chake cheusi kilicholowa mpaka magotini, na jibu ambalo lingemwokoa likafika mpaka kwenye ulimi. Kama angelisema, Consolée angejua kwamba kuta zile zilichelewa kwa neno lake mwenyewe, lile alilolisema kijitoni. Angelibeba hilo kila mara atakapofunga kitovu cha mtoto. Gédéon alifunga mdomo.

"Sema!" Consolée alipiga kelele. "Watu wanasema ni juu yangu. Ulitaka kukaa karibu na mie. Sema haiko vile!"

"Sina kitu ya kusema, Consolée."

"Basi usiniite tena chérie. Usinipigie. Naomie alikufa ndani ya maji, na weye ulikuwa unavuta siku kama kamba."

Akaondoka. Juma lililofuata Gédéon aliomba kuhamishiwa Lusangi, kwenye ujenzi wa shule, na msimamizi mwingine akaja kumalizia paa. Alipiga simu mara nyingi kwanza, kisha mara chache. Consolée alikuwa hapandi tena kilimani. Siku alizopanda kwa shughuli nyingine, simu ililia mkononi mwake na yeye aliitazama mpaka ikanyamaza.

*

Wodi ilifunikwa mabati. Wanawake walianza kuzaa mahali pakavu. Consolée alifanya kazi yake vizuri na kimya, na waliomjua waliona amekonda.

Mama Sidonie alikuja siku moja kumtazama binti yake aliyekuwa amejifungua. Baada ya kumbeba mjukuu alikaa kwenye benchi pamoja na mkunga.

"Injenia hajarudi kuona nyumba yake?"

"Sijui, mama. Hatusemezani."

"Juu ya ile maneno ya wakati?" Mama Sidonie alimgeukia. "Mwanangu, hukuambiwa? Ile siku alitukusanya kwenye kijito. Alisema kila mwenye mimba aweke beseni chini, hata ya mwezi moja. Mie nilikataa. Nilimwambia, Injenia, tutachelewa. Akanijibu: mukunga amesema, na ya mukunga ndiyo inapita. Huyu binti yangu alikuwa mumoja wao. Naomie pia. Naomie alicheka, alisema angalau sasa atalala."

Mikono ya Consolée ilikuwa inakunja kitambaa safi, ikakikunjua, ikakikunja tena.

"Mbona hakuniambia?" alisema mwishowe.

Mama Sidonie alitazama mlango wa wodi, na kupitia mlango, kaburi la Naomie kule mbali. "Weye ungependa kuambiwa ile siku?"

Kesho yake Consolée alimwachia mwenzake zamu, akapanda moto kwenda Lusangi. Njia ilikuwa mbaya. Mara mbili alishuka na kusukuma pamoja na motari, kikwembe kimekunjwa mpaka kwenye magoti. Alimkuta Gédéon uwanjani pa shule, anapima mbao kwa mita. Alikuwa amefuga ndevu, nazo hazikumpendeza.

Alipomwona, mita ilimponyoka na kujikunja yenyewe.

"Mama Sidonie ameniambia," Consolée alisema, bila salamu.

Gédéon aliweka ubao chini. "Sikutaka ujue."

"Najua hukutaka. Njo mana nimekuja na hasira, si na machozi." Lakini machozi yalikuwa yameanza. "Nani alikuambia mie siwezi kubeba? Weye unahesabu uzito wa kila kitu. Mabati, simenti, watu. Umenihesabia na mie, ukaona huyu atavunjika, umupunguzie muzigo. Bila kuniuliza!"

"Ulikuwa umetoka makaburini, Consolée. Ulikuwa na damu yake bado kwenye kucha."

"Ndiyo. Ilikuwa damu ya mugonjwa wangu. Ilikuwa haki yangu kujua." Alijifuta uso kwa ncha ya kikwembe. "Nimewaza njia muzima. Ningesema vile tena. Hata kama ningejua. Wamama wale hawakupaswa kubeba. Na labda Naomie angekufa hata ndani ya nyumba mupya, juu hakukuwa damu ya kumuongezea, na njia ilikuwa imekatika. Labda. Sitajua kamwe. Hiyo labda ni yetu wawili. Uliichukua yote peke yako, ukakimbia nayo Lusangi."

Mafundi walikuwa wameacha kazi, wanatazama pembeni kwa adabu ya uongo. Gédéon alisogea karibu.

"Nilizani ukinichukia itakuwa rahisi kwako."

"Haikuwa rahisi hata siku moja."

"Na kwangu vile vile."

Alimshika mkono. Consolée hakuuvuta. Walisimama hivyo katikati ya mbao, wote wawili wakilia kwa aibu ya watu wazima, mpaka fundi mmoja akakohoa na kuuliza kama aendelee kupiga misumari.

"Kuna mutu mumoja tunapaswa kumuona," Consolée alisema. "Pamoja. Kabla ya neno ingine yoyote."

*

Heri alikuwa anapalilia mihogo nyuma ya nyumba, mtoto amemfunga mgongoni kwa kikwembe kama mwanamke afanyavyo, bila kujali anayecheka. Aliwapa vigoda. Gédéon alimweleza yote: mchanga, mimba, siku alizoziomba, paa lililochelewa. Hakujitetea. Consolée alimalizia: "Na neno la kwanza lilikuwa langu, papa Heri. Mie ndiye nilisema wasibebe."

Heri alisikiliza, jembe limelala kwenye mapaja. Mtoto alianza kunung'unika naye akamtikisa kwa mabega.

"Naomie aliniambia ile siku," alisema. "Alirudi na beseni tupu, anafurahi." Akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. "Mie sijui kama ni paa, ao njia, ao Mungu. Watu wananiambia kila mutu ya kwake. Ninyi pia munatafuta kosa iko wapi. Mie natafuta maziwa. Huyu anakataa uji."

Consolée alisimama. "Unipe mutoto."

Alimpima palepale kwa mikono, akamtazama macho na ulimi, akauliza anakunywa nini na mara ngapi. Alasiri ile ile aliwaita wanawake wawili wanaonyonyesha, majirani wa Heri, wakakubaliana zamu: mmoja asubuhi, mwingine jioni, na maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa katikati. Gédéon alikaa kigodani akisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kuongeza kwenye mpango wa mtu.

Waliporudi, njia ilipita kati ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa, mabua yananuka mvua. Gédéon alisimama.

"Consolée. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kungoja kazi iishe, nipate mahali pa kukaa, ninunue suti, kisha nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Unajua."

"Sijui. Rezo iko mubaya."

Gédéon alicheka. "Ukubali niwe bwana yako. Hivi, na buti za udongo."

Consolée alitazama mbele, kule moshi wa jikoni ulikokuwa unapanda juu ya nyumba za Wamaza. Hakuharakisha.

"Muzigo ukija, utanionyesha?"

"Nitakuonyesha."

"Hata ukiona nitalia?"

"Hata vile."

"Baba yangu iko Kabambare. Umupelekee neno yako, na unyoe ile ndevu kwanza. Mie nimekubali."

Walioana Kabambare baada ya mavuno yaliyofuata. Consolée alivaa kikwembe cha rangi ya dhahabu alichoshonewa na shangazi zake, na Gédéon alivaa suti ya kuazima iliyombana mabegani. Mama Sidonie aliongoza nyimbo. Heri alifika kwa moto, amechelewa, mtoto kifuani. Alisimama kando ya watu, hajui akae wapi.

Bibi harusi aliacha sahani yake, akapita katikati ya wageni, akamchukua mtoto. Alimpandisha kiunoni, akamtazama mdomo.

"Amekuwa muzito," alisema.

"Anakula vizuri," Heri akajibu.